Ramadhani na mtoto: Dubai, Muscat na Doha kutoka Lubumbashi

Ukitaka kumpeleka mtoto wako Ghuba kupumzika, mpeleke mwezi wa Ramadhani. Najua hapa Lubumbashi watu watakuambia kinyume. Sisi wanawake wa mtaa wa Kamalondo tunaosafiri kununua bidhaa tunaukwepa mwezi huo, maana maduka ya Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, hufunguliwa kwa saa nyingine, wenye ghala wamechoka, na chakula cha mchana ni cha kutafuta. Nami niliukwepa miaka mingi. Nilikuwa nafika, tunalala wanne chumba kimoja karibu na Naif, siku tatu za kukimbia na kufunga mizigo, halafu narudi nyumbani, uwanja wa ndege wa Luano.

Safari ya mzigo na safari ya mtoto ni mambo mawili. Mwaka 2025 nilikwenda na binti yangu Ngoie, mwenye miaka 9, usiku kumi: mitatu Dubai (Falme za Kiarabu), mitatu Muscat (Oman), minne Doha (Qatar), hoteli ya nyota tano kila mahali. Niliweka akiba miaka miwili kwa ajili yake. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyotamani mtu anieleze kabla sijatoa hata dola moja.

Kwanza uelewe jinsi siku inavyogeuka, kwa sababu hilo ndilo litaamua pesa yako iende wapi. Mchana wa Ramadhani mji unatulia. Ofisi zinafunga mapema. Katika Falme za Kiarabu hata kampuni za watu binafsi hupunguza kazi saa mbili kila siku. Jua likizama kila kitu kinaamka, na saa sita ya usiku utakuta watoto wa pale wako nje na wazazi wao, wamevaa vizuri, wanakula, wanakimbizana sokoni. Kwa hiyo kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni wewe na mtoto mtakuwa hotelini zaidi. Mtakula humo, mtaogelea humo, mtalala humo. Kile chumba changu cha Naif chenye dirisha linalotazama ukuta kisingefaa kwa maisha hayo. Ndiyo maana nasema anasa ya Ramadhani ilipwe kwenye chumba na bwawa. Mjini, vitu vizuri vingi vya usiku ni bure au karibu na bure. Na hoteli kubwa hushusha bei mwezi huo, mpaka Idi inapokaribia, hapo zinapanda tena. Basi panga uwe umeshaondoka siku tatu nne kabla ya Idi.

Kabla ya kulipa hoteli, waandikie uwaulize mambo matatu. Mgahawa gani unatoa chakula cha mchana wakati wa Ramadhani, na uko upande gani wa hoteli? Bwawa na chumba cha michezo ya watoto hufunguliwa saa ngapi mwezi huo? Na siku ya kuondoka, wanaweza kukuachia chumba mpaka jioni? Hoteli ikijibu yote matatu vizuri, ichukue. Ikijibu kwa maneno ya jumla tu, tafuta nyingine. Mimi niliandika kwa hoteli saba, nikapata majibu kamili kwa nne.

Sasa karatasi, na hapa usifanye haraka. Mtoto awe na paspoti yake na viza yake. Kama unasafiri peke yako na mtoto, chukua ruhusa ya mzazi mwenzako iliyotiwa sahihi na kuthibitishwa, maana watu wa DGM, yaani uhamiaji, pale uwanjani wataiuliza, na wana haki ya kuiuliza. Beba na nakala ya hati ya kuzaliwa. Kadi ya manjano ya chanjo iwe mkononi, yako na ya mtoto, isiwe ndani ya valizi (sanduku la safari). Oman huiuliza kwa wanaotoka nchi kama yetu. Dawa pia: kule Falme za Kiarabu dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zina sheria kali. Hata sharubati ya kikohozi, soma kwanza karatasi yake. Mimi nilibeba parasetamoli ya mtoto, chumvi za kuzuia upungufu wa maji, na karatasi ya daktari kwa dawa yake ya pumu.

Niliomba viza zote tatu kabla ya kununua tiketi. Ya Dubai huombwa kupitia hoteli, shirika la ndege au wakala. Ya Oman na ya Qatar kwa intaneti, na ile ya Qatar iko kwenye jukwaa la Hayya. Angalia neno moja kwenye viza ya Dubai: kama ni ya kuingia mara moja, ukivuka kwenda Oman imekwisha. Usipange kurudi Dubai kuchukua ndege ya nyumbani. Tiketi yangu ilikuwa Lubumbashi, Addis Ababa, Dubai wakati wa kwenda, na Doha, Addis Ababa, Lubumbashi wakati wa kurudi. Katikati nikanunua ndege mbili fupi, Dubai kwenda Muscat inayochukua kama saa moja, na Muscat kwenda Doha. Kuna watu wanaokwenda Muscat kwa barabara, kilomita kama 450 na mpaka katikati. Kwa mtoto mchana wa Ramadhani sipendekezi, maana mahali pa kusimama na kula ni pachache.

Pesa nitaipita haraka. Dirhamu ni 3.67 kwa dola moja, riyali ya Qatar ni 3.64, hazibadiliki. Ya Oman ndiyo itakuchanganya: riali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu. Mtu akikuambia kanzu ya mtoto ni riali 10, usione kidogo, hiyo ni dola 26. Chagua dola safi, zisizo na mchano wala maandishi, kama unavyochagua za kupeleka mpakani Kasumbalesa. Na hoteli itashika kiasi cha dhamana kwenye kadi yako siku ya kuingia. Kama huna kadi, uliza mapema wanapokea dhamana ya pesa mkononi au hapana.

Shuleni niliomba ruhusa mwenyewe kwa mwalimu wake, nikabeba madaftari. Saa za bwawa zilipokwisha, kabla ya usingizi wa mchana, alifanya hesabu nusu saa kila siku. Jambo hilo lilitusaidia kuliko nilivyofikiri. Siku isiyo na kazi yoyote humchosha mtoto.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi Wakatoliki. Mwaka ule Ramadhani ilianza 1 Machi, na Jumatano ya Majivu ilikuwa 5 Machi. Mama yangu aliniuliza kwa uchungu kama ni sawa kwenda kustarehe katika Kwaresima. Nilimjibu kwamba nitafunga Ijumaa zangu kule kama hapa, na nikafunga. Ukifunga siku moja kati ya watu wanaofunga mwezi mzima, ukasubiri nao jua lizame, utakula tende ile ya kwanza kwa moyo mwingine. Ngoie naye alitaka kujaribu. Nilimruhusu mpaka saa sita mchana, si zaidi, na nikamweleza kwamba hata watoto wa Kiislamu hawalazimiki kufunga kabla ya kubalehe. Mpe mtoto maelezo hayo nyumbani, kabla ya safari. Akijua kwa nini watu hawali, hatatafuna biskuti mbele ya mlinzi aliyekauka midomo. Ngoie alijifunza mwenyewe kunywa maji pembeni.

Kwa watu wazima, sheria si sawa kila mahali. Dubai mikahawa mingi hukaa wazi mchana, na tangu 2021 hailazimishwi hata kuweka pazia. Oman na Qatar ni kali: kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana ni kosa la kisheria, na ndani ya gari pia ni hadharani. Mtoto mdogo hakuna atakayemgombeza, lakini mlishe hotelini kabla ya kutoka.

Valizi yetu ilikuwa nyepesi. Kitenge kirefu na libaya (blauzi) lenye mikono ndiyo nguo inayofaa kuliko zote: inafunika, ina hewa, inapendeza, na watu walitusimamisha kuuliza imetoka wapi. Weka kitambaa cha kichwa kwa misikiti. Weka na triko (sweta), maana nje Machi ni joto la kadiri lakini ndani ya maduka makubwa wanapuliza baridi ya kumkohoza mtoto. Na kabla hujaondoka, mpelekee fundi kipande cha kitenge amshonee mtoto mfuko mdogo wa kamba, wa kuvaa shingoni. Sababu yake utaiona Doha.

Dubai, usiku wa kwanza msifanye kitu. Fikeni, ogeni, laleni. Usiku wa pili nendeni mtaa wa zamani wa Al Fahidi. Pale kuna kituo cha utamaduni, Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum Centre for Cultural Understanding, kilichoanzishwa 1998, kinachokaribisha wageni kufuturu nyumba ya kizamani. Weka nafasi mapema, ni kwa kulipia. Mnakaa chini kwenye mazulia, mnapewa tende na maji, wenyeji wanakwenda kusali, kisha vyakula vinafunuliwa. Mnaruhusiwa kuuliza swali lolote. Ngoie aliuliza kama mtu akimeza mate amefungua. Walimjibu kwa uzito, kama mtu mkubwa, na tangu hapo alijiona mgeni wao hasa.

Kisha ikaja sahani ya luqaimat. Ni madonge ya unga yaliyokaangwa, ya kahawia, yamemwagiwa asali ya tende na kupakwa ufuta. Ngoie alichukua moja kwa vidole viwili, akalikata kwa meno, akaangalia ndani yake palipokuwa na matundu matundu, mvuke ukitoka. Akanigeukia: «Mama, hii njo mikate!» Ilikuwa mikate kweli, ndivyo tunavyoyaita madonge yetu ya kukaanga, ile ile ya mama wa barabarani kwetu asubuhi, isipokuwa yetu hatuimwagii asali ya tende. Alikula saba. Tangu jioni hiyo sikupata shida ya chakula tena, maana alikuwa na kitu kimoja anachokijua kila mji. Mtafutie mtoto wako chake siku za mwanzo kabisa, mengine yatafuata.

Kurudi, vukeni hori ya Dubai kwa abra, mashua ya mbao. Nauli ni dirhamu moja.

Kosa langu kubwa lilikuwa Dubai, na ulikwepe. Wakala aliyenipangia safari alipanga gari lituchukue kutoka mjini kwenda hotelini saa kumi na mbili na robo jioni, dakika kumi na tano kabla ya futari. Gari halikuja. Teksi hazikusimama, kila dereva alikuwa anawahi tende yake. Saa ile barabara ni ya hatari pia, watu wana njaa na wanakimbia. Tulisimama kwenye taa za barabarani dakika arobaini, mtoto ameshika kitenge changu, mimi naogopa na sitaki aone. Kijana mmoja aliyekuwa akigawa vifurushi kwa madereva, maji, tende na sambusa, alikuja akatupa viwili bila kuuliza dini yetu. Tulifuturu pale ukingoni. Saa moja kamili teksi zikarudi kama kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kutoka saa kumi na moja jioni mpaka saa moja usiku muwe mmeshafika mnakokwenda, Dubai, Muscat na Doha. Hata ndege usiipange ikulazimishe kuwa barabarani saa hizo.

Kuna na mzinga. Dubai polisi hupiga mzinga jua likizama, sehemu kadhaa za mji, na Doha hupigwa Souq Waqif, soko la kizamani, na Katara, kijiji cha utamaduni. Watoto wa kule huupenda, wanaushangilia. Mtoto wetu wa Kongo akisikia mshindo mkubwa hafikirii sherehe. Mwambie mapema, mwonyeshe uko wapi, msimame mbali kidogo, mwache aamue kama anataka kusogea. Ngoie mara ya kwanza aliziba masikio akaweka uso tumboni mwangu. Mara ya pili, Doha, alihesabu mwenyewe kwa sauti mpaka ukalia.

Muscat ndiyo niliyoipenda zaidi. Mji ni wa majengo mafupi, meupe, umebanwa kati ya bahari na milima mikavu. Chagua hoteli ya ufukweni, kwa sababu mchana nje ya hoteli hakuna kitu kilicho wazi cha kula, na bahari ndiyo mchezo wote. Msikiti mkubwa wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, hupokea wasio Waislamu asubuhi tu, saa mbili mpaka saa tano, isipokuwa Ijumaa. Nendeni saa mbili kamili, kabla ya jua kali. Zulia la ukumbi mkuu ni moja tu, zaidi ya mita za mraba 4,000, lililofumwa kwa mkono. Mtoto aliyeona mama akifuma vikapu ataelewa kazi ile kuliko mimi nilivyoielewa.

Usiku nendeni souk (soko) ya Muttrah, na mseme Kiswahili. Nalisema hili kwa moyo wote. Familia nyingi za Oman ziliishi Zanzibar na bara, nyingi zikarudi baada ya mapinduzi ya 1964, na Kiswahili wanacho mpaka leo. Nilikuwa namkataza Ngoie asiguse bakuli la ubani, kwa Kiswahili chetu, na mzee aliyekaa nyuma ya mizani akainua kichwa. «Nyinyi watu wa wapi?» Nikasema Lubumbashi. «Kongo!» akasema, akatuvutia viti. Ngoie akamsalimia kama anavyosalimia wakubwa kwetu: «Yambo, baba.» Mzee akamwambia polepole, «Mwanangu, mtu mzima mwambie shikamoo, naye atakujibu marahaba.» Kwetu hatuisemi. Ngoie akajaribu, mzee akaitikia marahaba huku ameweka mkono kifuani. Akachagua punje moja ya ubani wa Dhofar, nyeupe yenye ukijani kidogo kama tone la utomvu lililoganda, akaiweka katikati ya kiganja cha mtoto na kumfunga vidole. «Usiuchome wote siku moja.» Tulikaa pale karibu saa nzima, tunalinganisha maneno. Yeye anasema ugali, sisi bukari. Yeye asante, sisi aksanti. Hakuna safari ya kulipia ya hoteli iliyotupa saa kama ile.

Jambo dogo la kalenda: Oman huutazama mwezi wenyewe, na huweza kuanza siku moja baada ya majirani. Mwaka 2024 walianza 12 Machi, Dubai na Doha 11 Machi. Kama siku zako zimebana, acha nafasi ya siku moja.

Doha saa iko moja nyuma ya Dubai na Muscat, na jua linazama mapema, kwenye saa kumi na mbili kasorobo katikati ya Machi. Badilisha saa yako na mpango wa usingizi wa mtoto siku hiyo hiyo. Mchana mmoja mpeleke jumba la makumbusho la taifa, lililochorwa na msanifu Jean Nouvel kwa mfano wa waridi la jangwani, yaani fuwele za jangwani zinazofanana na ua, na kufunguliwa 2019. Ndani ni kubwa na lina ubaridi. Museum of Islamic Art, jumba la sanaa ya Kiislamu la msanifu I. M. Pei, iko palepale kando ya bahari, lakini kwa mtoto wa miaka tisa jumba moja kwa siku linatosha.

Kilichonifanya nipange Doha iwe ya mwisho ni Garangao. Usiku wa 14 wa Ramadhani watoto wa Qatar huvaa nguo za kimila, hutoka na mifuko shingoni, wanaimba na kupewa karanga na peremende, ni shukrani kwao kwa kufika nusu ya mwezi. Oman wana yao, Qaranqasho. Hesabu siku kutoka mwanzo wa mwezi, na uwe Doha usiku wa 13 na wa 14. Souq Waqif na Katara hujaa, hata hoteli yetu iliandaa meza yake. Wasichana walikuwa na nguo za nyuzi za dhahabu. Ngoie alikuwa na kitenge chake na mfuko wa fundi wa Kamalondo, na bibi mmoja aliushika kamba, akaugeuza kuuangalia mshono, kisha akaujazia kwa mikono miwili, lozi, njugu na vipipi, mpaka kamba ikavutika shingoni. Mtoto aliniangalia kuuliza kama anaruhusiwa kupokea vingi hivyo. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Aliimba na wenzake maneno asiyoyajua, akiwafuata midomo.

Ukienda Ramadhani ya 2027, inatarajiwa kuanza karibu na 8 Februari, basi Garangao itakuwa kama tarehe 20 au 21. Anza kuandaa karatasi za viza mapema Desemba, kabla ya sikukuu. Siku ya kutoka Doha baki na chumba mpaka jioni, mlale, mle futari hotelini, ndipo mwende uwanjani kwa ndege ya usiku ya Addis. Mfuko wa Garangao mtoto aubebe mwenyewe mkononi. Wetu ulipita kwenye mashine tatu, na pale Luano afisa akaufungua, akachungulia, Ngoie akampa lozi.